Kutu Ndani ya Pijo ya Marehemu Baba

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimelala chali chini ya gari la marehemu baba, hapa hapa Kionga, nyuma ya jiko la mama. Simu nimeibana kati ya bega na sikio, nyundo iko mkononi. Upande wa pili wa simu alikuwapo Mzee Bakari, dereva mstaafu wa Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma, ananisikiliza ninavyogonga chuma.

"Sogea nyuma kidogo," akasema. Nikasogea, nikagonga. "Tena hapo hapo." Nikagonga tena. Akasema, "Hapo pameoza."

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya Pijo, umri wake mkubwa kuliko wangu. Baba alilitumia kubeba nazi kwenda Palma, na siku za harusi likabeba maharusi. Alipofariki likabaki pale nyuma ya jiko, kuku wakitagia kwenye kiti cha abiria. Mimi nilikuwa kijana, nimeoa karibuni, na kazi yangu cherehani kama unavyonijua. Mambo ya magari sikuyajua. Lakini gari lile nililipenda tangu utotoni, nikaamua nitalifufua mwenyewe nyumbani.

Nilikuwa na washauri wawili. Mmoja ni huyo Mzee Bakari. Binamu yangu alinipa namba yake, kwa kuwa alikuwa na Pijo kama ile na kila mtu Mtwara alijua anavyoihusudu. Siku zile ukisogea upande wa ufukweni ulishika mtandao wa Tanzania, na siku ukitulia vizuri uliushika hata pale uani kwetu. Wa pili ni Atanasio, Mmakonde wa kule Mueda aliyekuwa akifanya kazi Palma. Yeye alikwisha kulifufua gari lake la zamani, tena kwa mikono yake. Jumapili akitoka misa alikuja kwetu, anavua shati la kanisani, anaingia chini ya gari.

Injini haikutusumbua sana. Tulifungua kabureta, tukaiosha kwa petroli, tukabadilisha mipira iliyokatika, na siku moja gari likakohoa, likawaka. Mama akatoka jikoni, mikono ina unga. Akasimama akisikiliza, akarudi ndani. Nikajua kumbe naye alikuwa akilisubiri.

Haukupita muda, zikaja habari kutoka Olumbi kwamba dada yake mama, mama yangu mkubwa, hali yake si nzuri. Mama akafunga nguo zake kwenye kanga, akaniambia kwa utulivu kwamba atakwenda kwa dada yake, na atakwenda na gari la mumewe. Ndipo Mzee Bakari aliposema hatanipa ruhusa ya kupakia mtu mpaka asikie mlio wa chasi. Na mlio, kama nilivyokuambia, ukatoka mbaya pale panaposhikilia springi ya nyuma.

Nilimwuliza Atanasio. Akapapasa, akasema hapo tubandike bati, tulichomelee, tupake rangi, mama aende. Lake lina bati kama hilo na linapita njia ya Pundanhar, na wewe unayajua mashimo ya njia ile. Mzee Bakari akakataa. Alitaka kipande chote kikatwe, kiwekwe chuma kipya, maana kutu unayoiona nje ni kidogo, nyingi iko ndani. Kufanya hivyo kulitaka kulifungua gari nusu nzima na kungoja chuma, na mama kanga yake iko mlangoni.

Basi nikampigia tena Mzee Bakari. Nikamwambia njia ya Olumbi si mbaya. Akasema kata. Nikampigia tena, nikamwambia mzigo ni mama mmoja tu na nitakwenda polepole. Akasema kata. Nilipompigia mara nyingine na kuanza kumweleza unene wa bati, akanikatiza.

"Saidi, unaniuliza upate kujua, au unaniuliza mpaka nikukubalie? Kama unataka wa kukukubalia, unaye. Mimi niache ninywe chai yangu." Akaongeza, "Na anayepanda gari hilo ni mama yako."

Hakupaza sauti. Lakini nilibaki nimekaa pale mchangani, simu imekwisha kukatika bado iko sikioni. Alikuwa ameniona ndani mtu asiyenijua hata sura.

Nikaenda kwa mama, nikamwambia gari halitakwenda. Akaniangalia. "Baba yako hakupata kunifanyia haya," akasema. Akajitwika furushi lake, akaenda barabarani kungoja chapa, daladala za huku kwetu, pamoja na abiria wengine na vikapu vyao.

Jumapili Atanasio akaja. Nilikuwa naona haya kumwambia kwamba nimeacha ushauri wake nikafuata wa mtu wa kwenye simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema bado anaamini bati lingetosha. Kisha akavua shati lake. "Lakini gari ni lako. Msumeno uko wapi?"

Yeye ndiye aliyeleta jenereta na mashine ya kuchomelea kutoka Palma kwa gari lake. Yeye ndiye aliyekata. Kipande kilipoachia, kutu ikamwagika kama kahawa iliyosagwa, na chuma kilichobaki kilikuwa chembamba, Atanasio akakitoboa kwa kidole. Alikitazama kile kidole, akaichukua nyundo, akaenda kulala chini ya gari lake mwenyewe, akawa anagonga.

Tulipomaliza langu tukaanza lake. Breki nikazifunga huku Mzee Bakari akinielekeza kwa simu, viti nikavishona mwenyewe kwa kitambaa kizito, na hapo walau nilikuwa najua ninachokifanya.

Nikaenda na gari Olumbi. Nilimkuta mama amekaa kibarazani na dada yake, aliyekuwa amekonda lakini yuko hai. Nikawaamkia. Mama aliitikia kwa mkato, akaliendea gari, akafungua mlango, akakaa, akapitisha kiganja juu ya kiti. Kisha akasema, "Msaidie dada yangu apande."

Tukarudi wote Kionga. Mama mkubwa aliishi nasi mpaka Mungu alipomchukua, na siku zote hizo walilala chumba kimoja na mama, wanacheka mambo ya usichana wao ambayo sisi hatukuambiwa.

Mzee Bakari nilimpigia, nikaisogeza simu kwenye injini asikie. Akasikiliza. "Vali moja inagonga," akasema. "Itazame kesho." Ndiyo pongezi aliyonipa. Hatukupata kuonana mpaka akafariki.

Mwanangu, leo wewe unalo kundi lako la mambo ya magari kwenye simu, watu wa Pemba na wa Dar wanakujibu hata hujamaliza kuuliza. Uliza, usione haya. Lakini ukijiona unauliza jambo ulilokwisha kujibiwa, simama kwanza, ujiulize kama unatafuta jibu au unatafuta mtu wa kuikubali haraka yako. Yule ambaye ushauri wake hukuufuata, mwambie mwenyewe, ana kwa ana, wala usimpoteze kwa sababu hiyo. Huenda ndiye atakayekuja na msumeno. Na siku utakapoulizwa wewe, sema unachokijua hata kama kitamuudhi anayeuliza, kisha mwache aamue.

Mungu akujaalie watu wa kukuambia ukweli mapema, akupe na moyo wa kuwavumilia. Kila utakayempakia garini mwako, umfikishe kwao salama. Amin.