Elfu Mbili za Kupita Kibanjani

Daraja letu lilikuwa dogo kiasi kwamba hakuna aliyewahi kulipatia jina. Lilikuwa kalvati mbili na zege juu yake, bondeni, kwenye barabara ya udongo inayotoka kijijini kwetu kwenda kukutana na lami upande wa Kagoma. Masika moja mvua zilizidi. Maji yaliling'oa, na asubuhi tukakuta kalvati moja imelala katikati ya maharage ya watu.

Wakati huo nilikuwa na mwaka wa tatu nikiendesha mchomoko, yale magari madogo ya abiria yanayokimbia kati ya vijijini na mjini. Gari lilikuwa la kaka yangu. Alipohamia kisiwa cha Goziba kwenye uvuvi aliniachia ufunguo, na mimi, mwanamke niliyekuwa nimerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa iliyoshindikana, sikuwa na kazi nyingine. Njia ya kuzunguka mlimani ilikuwepo, lakini ilikuwa ndefu na mbovu, na ilikula mafuta mpaka faida ikaisha.

Aliyetupatia njia alikuwa mzee mmoja, katekista mstaafu, mgane, ambaye kibanja chake, shamba la migomba na kahawa, kilishuka mpaka kijitoni. Alikata mikaratusi yake, akapanga magogo juu ya maji, akafyeka mistari miwili ya migomba na mibuni kadhaa ili magari yapite. Kisha akafunga kamba ya katani kati ya miti miwili. Gari elfu mbili, pikipiki mia tano, mtu wa miguu bure.

Siku ya kwanza niligombana naye, ingawa nilimwita tata, yaani baba, kama tunavyowaita wazee.

"Tata, hii biashara gani? Barabara ni ya serikali."

"Barabara ya serikali ile pale," akajibu, akinionyesha shimo. "Hii ni migomba yangu."

Nililipa. Nililipa kwenda na kurudi, mara mbili kwa siku, elfu nane nzima. Nikapandisha nauli, abiria wakanuna, na wengine wakaanza kutembea kwa miguu mpaka lami. Kuna jioni nilizofika nyumbani nikiwa na hela ya mafuta ya kesho tu. Sisi madereva tulimsema sana yule mzee. Tulisema anatajirika, tukasema anaomba daraja lisitengenezwe kamwe. Tulikwenda hata kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akatuambia kwamba shamba ni la mzee na halmashauri imeahidi kuja. Mimi nikaacha kumsalimia. Kwetu, mtu kupita mbele ya mzee bila salamu ni jambo kubwa, na nilijua. Nilikuwa natoa mkono dirishani wenye noti huku macho yangu yakiangalia mbele.

Mwezi wa pili wa hali hiyo, jina la mama yangu likatoka kwenye orodha ya upasuaji wa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na tulikuwa tumesubiri muda mrefu madaktari bingwa waje Bukoba. Walikuja kwa siku chache tu. Tukaambiwa awe hospitali kabla ya saa nne asubuhi, akichelewa nafasi anapewa mwingine. Mama hakulala. Saa kumi na mbili alikuwa ameshakaa kwenye gari, kanga mbili mabegani, rozari mkononi.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Tulipofika kibanjani nilimkuta mzee amesimama mbele ya kamba, suruali imekunjwa, amelowa mpaka mapajani. Nikatoa elfu mbili.

"Leo hakuna gari," akasema.

Nikadhani anataka zaidi. Nikatoa elfu tano. Akatikisa kichwa. Nikatoa elfu kumi, na sauti ikanipanda.

"Unataka ngapi basi? Sema! Nina mgonjwa humu ndani!"

Mama akageuza uso upande wangu. "Mwanangu, unaongea na nani hivyo?"

Mzee hakukasirika. "Gogo la katikati limelegea," akasema. "Nimeingia majini nikalipima mwenyewe. Halitabeba gari."

Nyuma yangu kulikuwa na pikapu ya mfanyabiashara wa ndizi, imejaa mikungu, na dereva wake alikuwa anapiga honi bila kupumzika. Mwisho akashuka, akasema hana muda wa hadithi, akatupa noti miguuni pa mzee na kufungua kamba kwa mikono yake. Mzee alijaribu kumshika mkono, yule bwana akamsukuma pembeni. Akapita ubavuni kwangu, akaingia kwenye magogo. Tairi za mbele zilivuka. Za nyuma zilipofika katikati, gogo lilijiviringisha kama mtu anayejigeuza kitandani, na pikapu ikakaa chini kwa kishindo, pua juu. Mikungu ikaanza kuteremka na maji mmoja baada ya mwingine. Dereva alitokea dirishani, akapanda ng'ambo kwa magoti, akakaa kwenye majani. Hakuumia.

Mkono wangu wenye elfu kumi ulikuwa bado uko nje ya dirisha.

"Kumetokea nini?" mama akauliza. Nikaurudisha mkono ndani, nikazima gari.

Mzee ndiye aliyekuja mlangoni kwake. "Mama unakwenda wapi?" Akaelezwa. Akafikiri kidogo, akasema, "Gari liache hapa. Wewe tutakuvusha."

Juu kidogo ya magogo kulikuwa na mbao mbili za wapita kwa miguu, zinateleza. Mzee aliingia majini ubavuni mwa mbao, maji yakamfika kiunoni, akamshika mama mikono yote miwili. Mimi nilifuata nyuma na viatu vyake na mfuko wa nguo.

"Mguu wa kulia, mama. Haya. Sasa wa kushoto."

"Usiniangushe, waitu," mama akasema, kwa neno letu la heshima.

"Nikikuangusha tutaanguka wote wawili, na mimi sijui kuogelea."

Mama akacheka, katikati ya yale maji asiyoyaona. Mimi nilikuwa nimeshika kanga yake kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi.

Ng'ambo, mzee alimpigia simu mpwa wake mwenye pikipiki. Tulipanda mishikaki, mama katikati, mpaka kwenye lami, na hapo dereva mwenzangu akatuchukua hadi mjini. Saa nne kasorobo tulikuwa kwenye benchi la hospitali. Muuguzi aliposoma jina la mama nilikwenda mwisho wa korido nikalia, si kwa huzuni, ni mwili tu uliokuwa unaachia.

Kesho yake bandeji ilitolewa kwenye jicho la kwanza. Mama aliniangalia muda mrefu, akasema, "Mbona umekonda hivyo?" Alibaki kwa dada yangu anayeishi mtaa wa Nyanga, na kila nilipopiga simu alikuwa ananihesabia vitu anavyoviona uani.

Niliporudi kuchukua gari nilikwenda kwa mzee, nikapiga magoti nikamsalimia kama inavyotakiwa. Alinipa punje chache za kahawa ya kutafuna, kama anavyokaribishwa mgeni kwetu. Nikamuuliza ile hela yetu ilikuwa inakwenda wapi.

"Kila mvua ikinyesha magogo yanahama," akasema. "Nawalipa vijana wanne kuyarudisha." Kisha akacheka. "Nyingine nimekula. Nimeezeka jiko. Migomba iliyokatwa ilikuwa yangu, si ndiyo?"

"Ndiyo, tata," nikasema, na nilimaanisha.

Baada ya miezi kadhaa mkandarasi alikuja, na sasa tuna daraja pana lenye kingo, ambalo unapita bila kumwona mtu wala kutoa kitu. Siku lilipofunguliwa nilirudisha nauli ya zamani. Mama mmoja wa sokoni aliniuliza mara mbili kama sijakosea chenji. Mchana, nikitokea mjini, nilisimama kituo cha mafuta, nikamwambia kijana wa pampu ajaze tenki. Sikuwa nimefanya hivyo tangu masika.

"Dada, una safari ndefu?" akauliza.

"Hapana," nikamwambia. "Narudi nyumbani tu."