Khanga ya Mama Zuhura

Jamani, aibu hii nimeificha vya kutosha, leo naitoa mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine wakaongeza chumvi. Mimi ndiye mwenyekiti wa kijiji chetu huku juu milimani, ukishapita Mkuyuni, na siku hiyo mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa wa kukubaliana kuchimba mtaro wa bomba la maji, mhandisi wa wilaya mwenyewe kaja, basi gauni langu la mikutano likawa halijakauka (mvua za huku mnazijua), nikasema potelea mbali, nikavaa lile la kampeni, kitenge cha chama chenye nembo mgongoni, pana kama ungo.

Kumbe gauni nalo lina mdomo! Nilivyosimama tu, badala ya kusalimia kijiji nikajikuta nimenyoosha mkono juu, napiga salamu ya chama kwa sauti ya kampeni. Nusu wakaitikia kwa vifijo, nusu, wale wa chama kingine, wakaanza kunyanyuka. Nikachanganyikiwa, nikapayuka, "Kaeni jamani, maji haya chama chetu kimewaletea hata ninyi!" (Mungu wangu.) Hapo hata waliokuwa wanasitasita wakabeba viti vyao.

Mhandisi akaninong'oneza, "Mwenyekiti, akidi isipotimia, mabomba yanakwenda kijiji kingine."

Mama yangu wakati huo bado anashuka korongoni kuteka maji, na goti lake lile bovu.

Aliyenifuata pale mbele ni Mama Zuhura, mgombea wa chama kile kingine niliyemshinda kwenye uchaguzi. Nikajua nimekwisha. Akafungua khanga aliyojitanda, "Mwenyekiti, hebu simama vizuri," akanifunga kuanzia shingoni hadi magotini, nimeviringishwa kama mwali siku ya kutolewa, watu hoi kwa kicheko. Kisha akawageukia wa kwao: "Haya rudini, sasa ni mwenyekiti wa wote. Au nyie hamnywi maji?"

Wakarudi. Nikaomba radhi, nikasalimia upya, na mikono ikanyooshwa yote kuukubali mtaro.

Katibu wetu wa tawi aliniita, eti nimeacha chama kifunikwe hadharani. Nikamwambia, "Kaka, chama kilinisimamisha, ila ninachokiongoza ni kijiji." Alinuna, lakini mtaro alichimba, tena ubavuni mwa Mama Zuhura.

Leo mama anakinga ndoo mlangoni kwake, nami najivuna, nisiwafiche. Gauni lile liko sandukuni, naapa halitoki mpaka kampeni. Khanga nilipoirudisha, Mama Zuhura akaisukuma: "Kaa nayo mpaka uchaguzi. Siku hiyo nitaifuata, pamoja na kiti."