Kisigino cha baba mkwe

Leo nimemshika baba mkwe mguu, na sijui nitamtazama vipi tena.

Mliozaliwa Gesima mnajua. Kwetu mke wa mtoto hamgusi baba wa mume wake, hata kwa salamu.

Nilikuwa mlangoni nikimletea uji. Yeye alikuwa ameketi kwa moto akisikiliza redio. Nikasikia harufu ya nyama ikiungua.

Kisigino chake kilikuwa juu ya makaa.

"Baba, mguu."
"Mguu umefanya nini?"

Nikauvuta kwa mikono yangu.

Nyayo zake zilianza kufa ganzi baada ya kupewa dawa ya kupunguza kolesteroli. Daktari wa Kisii anasema huenda ni dawa, huenda siyo. Akiiacha, moyo uko hatarini. Akiendelea nayo, ndiyo haya.

Nilipomfunga kitambaa aligeukia ukuta.

"Mama Moraa, ungeuacha tu uungue," akaniambia.

Mama mkwe alishafariki, mume wangu yuko Nairobi. Nyinyi mngefanyaje?

Nikitoka kuja mjini kuwaandikia, niliona moshi wa moto wake tena. Mlango ameufunga kwa ndani.