Kibao Shingoni Siku ya Msimamizi

Katika shule yetu hapa Kilosa, mtu akionekana na kibao shingoni hakuna anayemuuliza habari za nyumbani. Kibao ni cha mkosaji. Ukikamatwa unaongea Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili, unavishwa. Ukichelewa mara tatu, unavishwa. Mimi nimekivaa sana, na mara nyingine nasahau kukivua natembea nacho hadi nyumbani Magomeni, ile ya hapahapa Kilosa. Wauza nyanya wa njiani wameshazoea. Siku nikipita shingo tupu ndiyo wananiuliza kama nimefukuzwa.

Kwa hiyo mwalimu wa mazoezi alipoingia kidato cha tatu na rundo la vibao, kila mtu alianza kujitetea kabla ya kushtakiwa. Mwalimu wa mazoezi ni mwanachuo anayeletwa shuleni ajifunze kufundisha, kama kinyozi anavyojifunzia kwenye kichwa cha yatima. Yatima ndio sisi. Huyu wetu alikuwa binti mpole kutoka Mikumi, amesoma insha zetu na zimemtia huzuni. Alisema sentensi zetu zimesimama kama watu walionuniana kwenye foleni ya bomba, hakuna hata moja inayomsalimia mwenzake.

Vibao vyake vilikuwa vya maboksi ya sabuni, vimefungwa kamba ya katani kutoka Rudewa, ile inayowasha hadi unakiri makosa ya mwaka jana. Kila kimoja kiliandikwa neno. AIDHA. BADALA YAKE. KWA HIYO. HATIMAYE. Mimi nilipewa HATA HIVYO. Utaratibu ulikuwa rahisi: mmoja anasimama kulia anasema sentensi, mwingine kushoto anasema yake, na mwenye neno linalofaa anakimbia kusimama katikati yao.

Siku ya kwanza mmoja alisema, "Jogoo wa mlinzi amepotea." Mwingine akasema, "Kidato cha nne wameota mashavu." KWA HIYO alikimbia akasimama katikati, tukacheka hadi darasa la jirani likagonga ukuta. Mwalimu naye alicheka. Kisha akamuuliza KWA HIYO ni nani aliyewaona wakimla. Hakuna. Akamwambia arudi alikotoka, neno hilo ni la mtu mwenye ushahidi.

Hapo niliinamia kibao changu, maana kulikuwa na jambo ambalo ushahidi wake ulikuwa kwangu.

Wiki mbili nyuma nilikuwa nimemtia chura kwenye boksi la chaki la mwalimu huyu. Ilikuwa masika, vyura wamejaa hadi kwenye ndoo, na mimi nina jina la kulinda. Nilimweka saa mbili asubuhi. Saa mbili na nusu akaingia msimamizi kutoka chuoni, hakumpa mtu taarifa, akakaa nyuma na karatasi zake za kutoa alama. Sikujua anakuja. Na chura ukishamweka humwiti akarudi. Mwalimu alifungua boksi, akapiga yowe, akapanda juu ya kiti, na hakushuka hadi kengele. Mtu wa Mikumi, ambako tembo wanapita nyuma ya vyoo vya watu, anapandishwa kiti na chura. Tulicheka siku nzima.

Tuliacha kucheka alipotueleza. Usimamizi ule alikuwa amefeli. Umebaki mmoja, wa Alhamisi, na akifeli huo anarudia mwaka mzima chuoni. Alituambia bila kulia, anapanga vibao vyake kwenye meza. Aliomba kitu kimoja tu, tuwe kama tulivyo siku zote. Sijui kama alifahamu anaomba nini.

Alhamisi ikafika, msimamizi akaja, kiti cha kukalia hakuna. Mwalimu akanituma ofisini kuleta. Nikaenda na kibao changu shingoni, nikarudi na kiti kichwani. Sikufikiria naonekanaje.

Baba yangu ni fundi baiskeli. Asubuhi hiyo alikuwa ameleta baiskeli ya mkuu wa shule, ameifunga mnyororo mpya. Akatokea kwenye kona ya ofisi, tukakutana uso kwa uso.

"Shikamoo baba," nikasema chini ya kiti.

Hakuitikia. Alitazama kiti, akatazama kibao, akasoma herufi moja moja. Akaniuliza nimefanya nini tena. Nikamwambia sijafanya kitu, mimi leo ni Hata Hivyo. Nilisema ukweli mtupu, na ukweli ule ulinichongea. Akavua kofia, akaniambia nitangulie.

Nilijaribu kumweleza njiani. Lakini ukiwa na kiti kichwani na sifa kama zangu, maelezo yako hayana soko. Alipofika mlangoni, mwalimu alimwona mtu mzima akamwamkia palepale, "Shikamoo mzee." Baba amekuja kunyenyekea, anaamkiwa. Akasema marahaba kama mtu aliyekanyagwa. Kisha akageukia darasa zima, msimamizi akiwemo, akasema:

"Mwalimu, nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya huyu kijana. Lile la chura kwenye chaki nimelijua tangu juzi. Mdogo wake alimwona akimtega kwa kopo. Kosa ni la malezi, na mimi ndiye mzazi."

Mwalimu alinitazama. Nilitegemea hasira, nimezizoea, najua pa kuweka uso. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyetafuta kitu nyumba nzima akakikuta kimekaa juu ya meza. Nyuma, kalamu ya msimamizi ilikuwa inakwenda, nami nikajua ndiyo basi, nimemfelisha mara ya pili, safari hii bila hata kukusudia.

Mwalimu alimpa baba kiti kile nilicholeta, msimamizi akabaki kwenye dawati letu, magoti kidevuni. Mwalimu akachukua chaki akaandika ubaoni: Kijana alimtia chura kwenye boksi la chaki. Akauliza nani ana sentensi ya pili.

Tulitazamana. Kisha msichana wa dawati la mbele akasimama kushoto, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu alipanda juu ya kiti."

KWA HIYO alinyanyuka, akasita, akamuuliza mwalimu kama aende.

"Ushahidi unao?"

"Tulikuwepo wote, madam."

"Njoo."

Wakaendelea. Sentensi ikaja juu ya sentensi, maneno yakitoka kwenye madawati na kusimama yanapostahili, hakuna anayecheka, nami nimeegemea mlango sielewi kama hii ni kesi yangu au kipindi. Mwalimu mwenyewe akasimama kulia akasema, "Mwalimu alifeli." Mwingine wa nyuma akaenda kushoto akasema, "Mwalimu amerudi kutufundisha."

Katikati palikuwa wazi. Darasa zima lilinigeukia. Mimi huwa nakimbilia hata nafasi isiyokuwa yangu. Siku hiyo nilikwenda taratibu, nikasimama kati yao, katani ikiniwasha shingoni, nisijue nitazame wapi.

"Samahani mwalimu," baba akasema kutoka kwenye kiti. "Hii ni adhabu au ni somo?"

"Ni somo, mzee."

"Kumbe nimemsema bure."

"Hapana, mzee. Hukumsema bure."

Baada ya kengele msimamizi aliniita pembeni. Alitaka kujua kama tulipanga na baba. Nilichanganyikiwa. Nikisema tulipanga, labda mwalimu atasifiwa kwa maandalizi, au labda ataitwa mdanganyifu. Nikisema hatukupanga, darasa lake ni la vurugu. Uongo mzuri ndiyo fani yangu, na sikujua upi ni mzuri. Nikamwambia hatukupanga, mzee alidhani nimeadhibiwa, na chura alikuwa wa kweli. Akaandika kitu, hakunionyesha.

Mwalimu alipita. Alituambia Jumatatu, anafuta ubao huku ametupa mgongo, kisha akabaki anafuta mahali palipokwisha kuwa safi. Kwa ajili ya chura alinipa kazi ya insha ya ukurasa mmoja ya kuomba radhi, maneno yote ya vibao yawemo. Niliiandika vizuri, kusema kweli. Kila sentensi ilimsalimia mwenzake. Ilirudi haina alama nyekundu hata moja, ila chini kabisa ameandika, "Lakini kwa nini ulifanya?"

Alirudi chuoni wiki iliyofuata. Daftari bado ninalo, na chini ya swali lake pana nafasi ya mistari minne. Nimeijaribu mara nyingi kwa penseli. Nilikipenda kipindi chake kuliko vyote. Nilimtia chura. Nimezisimamisha hizo mbili, kulia na kushoto, na bado sijui nani aende katikati.