Jina Ambalo Halikuitwa

"Mama Agape, yule baba yake Jane anaita wafu," Judica alisema, akigeuza vitumbua vyake bila kuinua macho. "Nimemsikia kwa masikio yangu haya. Jumapili nyie mkienda misa, yeye anabaki uani anaita majina ya watu. Anaita, ananyamaza, anaita tena. Kwetu Upareni mtu wa hivyo haachwi peke yake."

"Labda anasali rozari," Wema alisema.

"Rozari gani ina Urban na Sixbert ndani? Halafu anacheka!"

Wema alichukua vitumbua vyake akaondoka. Maneno hayo yalikuwa yameshazunguka mtaa mzima. Watoto wa Bombambili waliozoea kumwamkia mzee Hironimus, baba yake Jane, siku hizi walipita upande wa pili wa barabara. Naye Wema ana mtoto mdogo, Agape, na kati ya ua wake na wa Jane pana wigo wa matete tu.

Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani. Agape alikuwa anaota meno, mwili una joto. Wema akakaa mkekani akimnyonyesha, na kweli, akasikia.

"Urban!" Ilikuwa sauti nzito ya mtu aliyezoea kusikiwa na watu wengi. Kisha mzee akajijibu mwenyewe kwa sauti nyembamba, "Nipo, katekista!" Akacheka. "Sixbert! Nipo! Haya pokea, na umwambie kaka yako aache kuandika kwa penseli, maneno yanafutika njiani."

Majina yakaenda hivyo, kila moja na jibu lake. Halafu likaja moja ambalo mzee hakulijibia.

"Theodosia."

"Theodosia."

Mara ya tatu sauti ilishuka mno, Wema akawa hana uhakika kama ameisikia au ameingoja tu.

Alimfunga Agape mgongoni, akachukua kikombe cha uji, akazunguka mpaka mlangoni kwa Jane.

"Hodi. Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kumtazama mchawi?"

Wema akaona haya. "Nimekuletea uji."

"Basi mchawi anakunywa uji. Kaa."

Akakaa. Siku hiyo, na Jumapili nyingine kadhaa baada yake, akayapata maisha ya mzee kidogo kidogo.

Hironimus alikuwa katekista wa kigango kimoja, kanisa dogo chini ya parokia, huko Mpitimbi, enzi ambazo hakuna mtu mwenye simu mfukoni. Vijana walikwenda Tanga kukata mkonge, na habari zao zilirudi kwa barua. Wanakijiji hawakuwa na sanduku la posta. Wote walitumia la parokia: juu ya bahasha mtumaji aliandika jina la mtu wake, kisha "kwa kupitia" parokia, kisha S.L.P., Songea. Padre alizichukua posta mjini, Hironimus akazileta kwa baiskeli ndani ya mfuko wa turubai. Misa ikiisha, alisimama ngazini kusoma majina. Aliyeitwa alijibu "Nipo!", na barua ikapita mkono kwa mkono juu ya vichwa hadi imfikie. Kila mkono uliibinya kidogo.

"Urban, mbona hii inanukia marashi?"

"Ya dada yangu hiyo!"

"Dada gani huyo anayepaka bahasha marashi?"

Watu walicheka, na hata aliyekosa barua alirudi nyumbani na la kusimulia.

Theodosia alikuwa mjane. Mtoto wake wa pekee, Joachim, alikwenda Tanga akiahidi kuandika akifika tu. Kila Jumapili mama huyo alisimama mbele kabisa, na barua zilipoisha hakuondoka, mpaka Hironimus augeuze mfuko ndani nje amwonyeshe kuwa hamna kitu. Siku moja, ana njaa na jua ni kali, Hironimus akamwambia mbele za watu, "Mama Joachim, utaota mizizi hapo. Nenda kalime. Ikija nitakuletea mwenyewe mpaka mlangoni."

Watu wakaangua kicheko. Theodosia naye akacheka. Lakini tangu siku hiyo, misa ikiisha alijitanda khanga yake akaondoka kabla majina hayajaanza.

"Nilijua nimempunguzia taabu," mzee alisema.

Barua ikaja, mvua zimechanganya. Hironimus hakuiita, maana ameahidi kuipeleka. Akaiacha mfukoni akingoja mto upungue, kwa sababu Theodosia alikaa ng'ambo. Mto ukapungua, ikaja palizi. Kila siku aliona kesho ndiyo nzuri. Halafu akaitwa semina Peramiho, na aliyeshika nafasi yake alitoka kigango cha mbali, hamjui mtu. Huyo akaikuta barua chini kabisa ndani ya mfuko, muhuri wake wa zamani, akaamini imeshaitwa na mwenyewe hakutokea. Akaandika nyuma, "Hakujitokeza. Irudishwe kwa mtumaji." Ikarudi.

Aliporudi na kuambiwa, Hironimus alipanda baiskeli hadi posta mjini. Imeshaondoka. Anwani ya Joachim ilikuwa nyuma ya bahasha, naye hakuwa ameitazama. Barua nyingine haikuja kamwe.

"Mara ngapi nimefika kwake nikitaka kusema," mzee aliendelea. "Ananipa togwa. Ananiambia, katekista, unachoka kwa ajili yetu. Nakunywa togwa, narudi."

"Yupo bado, babu?"

"Yupo. Macho ndiyo yamekwisha. Masikio mazima."

"Na dada Jane anajua?"

"Nikimwambia Jane, kila akiniletea chai nitamwona anajua." Aliitazama miguu yake iliyovimba. "Wale wengine wote niliwaita, mjukuu wangu. Yeye peke yake sikumwita hata mara moja."

Agape alikuwa amelala mgongoni, kichwa kimeangukia begani kwake, na pumzi yake ya joto ikampiga shingoni. Akajiona yeye amesimama mbele ya mfuko mtupu, na watu wanacheka.

"Nimesikia Jumamosi unakwenda Mpitimbi kwa mama mkwe," mzee alisema.

"Ndiyo, babu. Kumwonyesha mtoto."

"Basi nikutume. Ukifika kwake usibishe hodi. Simama uani umwite kwa jina lake, kwa sauti. Asipojibu, mwite tena. Akisema nipo, ndipo umwambie barua ilikuja. Mwambie mwanawe aliandika. Na aliyeikalia ni mimi, usimtaje mwingine."

"Akiniuliza iliandikwa nini?"

Mzee alikizungusha kikombe kitupu mikononi.

"Mwambie sikuifungua. Na jibu atakalokupa, hata likiwa la kunilaani, niletee siku hiyo hiyo. Tafadhali, mama Agape. Usilale nalo."