Jina la Kabila Zima Juu ya Gereji Yangu

Shule niliiacha darasa la tano, na bado ukipita Lanham, huku Marekani, miaka ile ungeliona bango langu kabla hujaiona gereji yenyewe. Nilianza kwa kuosha magari ya watu Columbia Heights, na ndoo moja, kwenye baridi ya kupasua midomo. Kufikia 2004 nilikuwa na gereji, wateja wa kupanga foleni, na mke aliyekwisha kuacha kuniuliza lini tutarudi Tanga. Sijisifu, naeleza tu.

Aliyekuwa akininyooshea bodi za magari ni Mpashtuni wa Peshawar, kabila la watu wa milimani. Bampa likipita mikononi mwake, hata aliyeligonga hakumbuki alipoligonga. Wenye gereji kule Virginia wakaanza kumvizia. Mimi nikawawahi.

"Kaka, kuanzia leo wewe ni mshirika wangu. Bango jipya litakuwa na majina mawili. Nipe jina lako la ukoo."

Alifuta mikono kwa tambara. "Sina."

"Na hilo Khan la kwenye leseni yako?"

"Hiyo ni heshima tu, kama kumwita mtu bwana mkubwa. Nilizaliwa na jina moja. Kwenye viza wakataka la pili, nikawapa hilo. Kaka yangu, tumbo moja, yeye akawapa la baba. Tukisafiri pamoja wanatuuliza kama kweli ni ndugu."

Nilicheka, maana na mimi la ukoo nimelikuta huku. Kwetu mtu ana lake, la baba na la babu, basi. Wamarekani wakanyakua la babu, na leo hospitalini wanamwita mke wangu kwa jina la babu yangu, naye anageuka.

"Basi tuweke la kabila lenu," nikasema. "Lile linaloishia na zai."

Akanitazama kama mtu aliyeombwa figo. "Zai maana yake wana wa. Wana wa babu mmoja, sote. Tukiharibu gari la mtu chini ya jina hilo, tumewaaibisha hadi walioko milimani. Siwezi bila ami yangu."

"Na tukiacha jina lako?"

"Mtu asiye na jina ukutani ni kibarua. Vibarua wanatakiwa hata Virginia."

Mimi, niliyejenga kila kitu bila kuomba ruhusa ya mtu, nikakaa kumngoja ami.

Alikuja Jumapili, ndevu nyeupe, koti la suti na kobazi. Chai aliikataa. Alipitisha kiganja ubavuni mwa gari tulilolimaliza, macho kafumba, akarudia tena. Kisha akanigeukia.

"Wewe ni mwana wa nani?"

Nikamtaja baba.

"Naye?"

Nikamtaja babu.

"Naye?"

Nikaendelea kupanda, baba wa babu na baba zake, mpaka yule wa kwanza kufyeka shamba Usambara. Sikukwama hata mara moja. Shule haikunipa kitu, lakini hao bibi alinikaririsha tukichambua maharage.

"Kumbe la kwako nalo si lako peke yako," alisema.

"Ni la babu, mzee. Alikuwa seremala. Mlango wake haujawahi kupinda."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi yakae pamoja. Ila gari likitoka hapa na kasoro, nitakuja mwenyewe na kisu kulikwangua la kwetu. Sasa, ile chai iko wapi?"

Bango likapanda wiki ileile. Wateja hawakujua nani ni nani. Wengi waliniita mimi, mtu mweusi wa Tanga, kwa jina la wale wana wa milimani, nami niliitika kifua mbele. Siku moja mama mmoja alifuata gari lake, akaniita kwa jina hilo na kunishukuru kwa mlango uliokaa vizuri. Nikauinamia kwenye jua, nikaona rangi imefanya wimbi dogo ambalo yeye hakuliona.

"Mama, niachie mpaka kesho," nikamwambia.

Mshirika wangu alikuwa keshachukua msasa.