Kabla Hujafuta Kompyuta ya Zamani

Iko Jumatatu moja, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka kitenge alichovaa Mama Wani, cha njano chenye ndege. Aliingia dukani anacheka. Alipotoka hakuwa anacheka tena, na sababu ilikuwa mimi.

Usishangae nikikuita mwanangu. Nina miaka ishirini na sita tu, lakini kaka zangu walizaa haraka, na hapa Koboko shangazi ni shangazi hata kama bado anapenda pipi. Shule niliishia kidato cha pili. Kiswahili nilikipata kwa babu yangu aliyekuwa askari, na kompyuta nilijifunza kazini, kwa kubonyeza na kuogopa. Basi nisikilize kama mtu aliyeungua anavyokuonyesha sufuria ya moto iko wapi.

Duka ni la Hajati Mariamu, nyuma ya soko. Tunachapa, tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti. Na tunayo anwani moja ya barua pepe ambayo mtaa mzima unaitumia. Madereva wanaosubiri karatasi zao mpakani Oraba, wafanyabiashara wa Congo, wakimbizi waliovuka kutoka Kaya, upande wa Sudan Kusini, wote wanaandikisha anwani ya duka. Barua ikifika, natuma neno kwa mwenyewe. Anakuja, anakaa kwenye benchi, namsomea. Asiyejua Kiingereza namgeuzia kwa Kiswahili au kwa Kikakwa. Ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu kila barua ilinipeleka mahali ambapo miguu yangu haijafika.

Mama Wani ni mkimbizi kutoka Sudan Kusini, na Wani ni mtoto wake wa pekee aliyebaki hai. Mpango wa wakimbizi ulimchukua ukampeleka nchi moja ya baridi, mbali sana, na kila wiki chache aliandika kwa mama yake kupitia sisi. Aliandika kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha shule ilimfundisha kuandika. Miaka miwili nilikuwa nasoma barua zile, na mama anakuja na fungu la mboga kwa ajili yangu kila mara. Nilimsomea vizuri. Vizuri kiasi gani, utasikia.

Sasa, kompyuta ya duka ilikuwa imezeeka. Ukiiwasha, unaweza kwenda kunywa chai, urudi, bado inafikiri. Hajati akaamua tuchukue mpya Arua, na ile ya zamani apewe mfanyabiashara mmoja wa Aru, Congo, ng'ambo ya mpaka wa Vurra, aliyekuwa anaitaka. Akanituma mimi. Nilivaa viatu vyangu vya harusi, mwanangu, vya kwenda kuchukua kompyuta.

Fundi wa Arua akaniambia, "Sista, hii ya zamani inavuka mpaka. Lazima tuifute kabisa, siri za watu zisitembee. Umetoa vitu yako yote?"

"Nimetoa yote."

"Barua pepe je?"

Nikamcheka. "Barua pepe iko na neno la siri. Neno la siri iko kichwani."

Akanitazama kidogo, akafuta. Picha nilikuwa nimezihamishia kwenye flashi, fomu pia, hata nyimbo zangu. Barua sikuzigusa. Niliamini zinakaa hewani, na kwamba popote nitakapoandika anwani na neno la siri, zitashuka zenyewe na kunisalimia.

Jumatatu ndiyo Mama Wani akaja na kitenge chake. Ofisi inayounganisha familia ilikuwa imemwita Arua siku ya Alhamisi. Watamuuliza maswali, wapate kujua kama kweli yeye ni mama wa Wani na kama wanawasiliana. Akiaminika, jina lake litaingia kwenye orodha ya watu wanaoweza kwenda kuishi na watoto wao. Walimwambia aje na barua zote.

"Toa yote, binti yangu," akasema. "Hata ile fupi ya Krismasi."

Nikawasha mashine mpya. Nikaandika anwani, nikaandika neno la siri. Ikafunguka kwa sekunde moja, inang'aa kama sahani ya mgeni. Ndani yake kulikuwa na barua mbili za Jumapili, za dereva mmoja. Chini yake, nyeupe.

Nilifunga, nikafungua tena. Nyeupe. Nikatafuta jina la Wani, ikaniambia hakuna kitu. Nilihisi masikio yangu yanapata moto na vidole vinapata baridi, vyote kwa pamoja. Nilikuwa bado natabasamu, kwa sababu uso wangu ulikuwa haujapata habari.

"Iko nini?" Mama Wani akauliza.

Nikampigia fundi. Akanieleza polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Programu ya zamani ilikuwa imepangwa kushusha kila barua na kuiweka ndani ya kompyuta ileile, bila kuacha nakala kule mtandaoni. Neno la siri lilifungua mlango tu. Vitu vyenyewe vilikuwa kwenye nyumba tuliyoibomoa. Na nyumba yenyewe ilishavuka Vurra siku mbili nyuma.

"Na majina ya watu? Anwani zao?"

"Pia ilikuwa ndani. Sista, mimi nilikuuliza."

Nilimwambia Mama Wani ukweli huo nikiwa nimesimama, nikishika meza. Hakupiga kelele. Alifungua Biblia yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imekuwa kama kitambaa. Ilikuwa barua ya kwanza kabisa ya Wani, niliyomchapia kwa sababu aliomba kitu cha kushika. Juu yake, kwa herufi ndogo, anwani ya Wani.

Nikamwandikia Wani palepale, vidole vinakosea kila neno. Tulikaa. Mama akaomba kimya, mimi nikafuta vumbi mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Jumanne asubuhi nikakuta Wani amezituma zote tena kutoka kwenye nakala zilizobaki kwake, arobaini na moja, moja baada ya nyingine. Mwanangu, nilicheza. Mteja wa kopi alidhani nimeshinda bahati nasibu.

Hajati Mariamu akaja kunisaidia kuzipanga zikitoka kwenye printa. Hajati amesoma kuliko mimi, alikuwa karani wa shule. Alivaa miwani, akaanza kusoma. Akasoma ya pili. Kisha akavua miwani.

"Zaitun. Hapa kijana anasema amelazwa hospitali wiki sita, mapafu. Na hapa anasema anakata kuku kiwandani, usiku mzima, kwenye baridi. Mimi nimekaa hapa nikikusikia unamsomea mama yake. Ulisema Wani anafanya kazi ofisini."

Nikaanza kuhesabu karatasi.

"Ulisema iko na dirisha."

"Linaloangalia mto," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipopigwa na butwaa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Siku ilipofika barua ya hospitali, Mama Wani alikuwa amekaa kwenye benchi na mboga zake mapajani, na uso wake umefunguka wote. Sikuweza. Nikaruka mistari ile. Nikaweka salamu. Barua iliyofuata nikaongeza ofisi, kwa sababu mtu aliyeruka mistari lazima ajaze pengo. Kisha dirisha, kisha mto, kisha jirani mwema anayempikia. Sikuwaza kwamba ni uongo. Niliona kama namfunika mama blanketi.

Na Alhamisi, Arua, watamuuliza: Mama, mtoto wako anafanya kazi gani? Atasema ofisini. Wao watakuwa wameshika barua zinazosema kuku. Watamwona mwanamke aliyeokota barua za mtu mwingine.

"Utamwambia mwenyewe," Hajati akasema. "Kesho. Mimi nitafunga duka, mukae peke yenu."

Jumatano nikamwambia Mama Wani, kisha nikamsomea zote arobaini na moja, kama zilivyo. Hospitali. Kiwanda. Vidole vinavyouma. Miezi mitatu alipolala kanisani kwa sababu kodi ya chumba ilimshinda. Sikuongeza hata salamu. Alisikiliza akiangalia sakafu.

Nilipomaliza, akasema, "Siku ile ya mapafu, mimi nilicheka hapa. Nilienda nyumbani nikaimba."

"Mama, nisamehe."

"Hii mashine ulifuta siku moja," akasema. "Mimi, umenifutia mutoto miaka mbili. Yule ulinipa alikuwa muzuri sana, lakini mimi sikumuzaa."

Mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kunipiga kama maneno yale, na aliyasema kwa upole. Baadaye akasogeza benchi karibu.

"Soma tena ile ya hospitali. Polepole. Nataka nikae na yeye."

Alhamisi alikwenda Arua na bahasha kifuani. Walimuuliza kazi. Akawaambia, "Anakata kuku. Mukono yake ya kulia inauma zaidi, kwa sababu alivunja akiwa mudogo, alianguka kwenye baiskeli." Lile la baiskeli halikuwa kwenye barua yoyote. Yule aliyekuwa anaandika akainua kichwa, akamtazama, akaandika. Walimwambia asubiri, na bado anasubiri. Anaendelea kuja dukani. Siku hizi anakaa upande wangu wa meza, anaweka kidole kwenye skrini, na nikimaliza mstari anakishusha. Hajui kusoma, lakini anahesabu mistari yangu.

Basi, mwanangu, ukihama kompyuta, uliza kwanza barua zako zinalala wapi, mtandaoni au ndani ya mashine. Nakili folda nzima ya barua, na majina ya watu pamoja nayo, uweke kwenye flashi. Washa mpya, ingiza, kisha fungua barua ya zamani kuliko zote uisome kwa macho yako mpaka neno la mwisho. Ile ya zamani usiiguse mpaka umemaliza. Na fundi akikuuliza swali, usimcheke.

Na ukipewa barua ya mtu umsomee, msomee iliyo mbele yako. Akilia, kaa naye. Ana haki ya kulia kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe.

Mungu akutunzie wanaokuandikia, akupe moyo wa kubeba habari zao zote, na siku utakapofungua sanduku lako, akukutanishe na jina ulilolitamani. Amina.